Bwalo au Mgahawa? Uhakiki wa Jengo Letu Lililokarabatiwa

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki vitabu. Tunapewa tamthilia, tunaigawa pande mbili, fani huku na maudhui kule, tunapita kwenye dhamira, migogoro, wahusika na mandhari, kisha tunahitimisha kwa kueleza kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Katika makala haya naomba ridhaa ya msomaji, na ya walimu wangu ambao huenda wakakunja uso, nihakiki kazi ambayo haina mwandishi mmoja wala haikupigwa chapa popote. Kazi yenyewe ni bwalo letu la chakula, lililofungwa kwa ukarabati na sasa limefunguliwa likiwa na jina jipya la Kiingereza, kuta za vioo na kaunta za wauzaji binafsi.

Sifanyi hivi kwa mzaha. Tangazo limebandikwa kwamba awamu ya pili iko njiani. Ukumbi mdogo ulio ubavuni mwa bwalo, ule tunaofanyia mazoezi ya maigizo na vikao vya chama cha fasihi kila Alhamisi jioni, nao utakarabatiwa uwe sehemu ya vinywaji na mapumziko. Maoni ya wanajumuiya yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo uhakiki huu una tarehe ya mwisho. Tukinyamaza, mwakani tutakuwa tunahakiki tamthilia ambazo hatuna pa kuziigiza.

Hoja yangu ni moja. Mahali pa kulia na kukutania pa chuo hapapimwi kwa malumalu ya sakafuni. Panapimwa kwa swali dogo: je, mwanafunzi ambaye siku hiyo hana hela anaweza kuingia, akakaa, akazungumza na wenzake, bila kununua kitu? Jibu likiwa ndiyo, hilo ni bwalo. Jibu likiwa hapana, hilo ni duka lenye viti.

Fani: palipofaulu

Mhakiki mwaminifu huanza na sifa zinazostahili. Wapo wenzetu wanaolililia bwalo la zamani kana kwamba lilikuwa pepo. Jamani, tusidanganyane. Jiko lilikuwa la kuni, na moshi ulikuwa ukiingia hadi kwenye foleni. Paa lilivuja kila masika. Bomba la kunawia lilikuwa moja, na mara nyingi halikuwa na maji. Mwenzetu anayetumia baiskeli ya magurudumu alikuwa akiletewa sahani nje kwa sababu ngazi zilimshinda. Leo jiko ni la gesi, mabomba yanatoa maji, vyoo vinafungika, soketi za umeme ziko kila nguzo, na ngazi zimewekewa njia ya mteremko. Anayesema ukarabati haukuhitajika, huyo hakula pale.

Nimekaa mle siku kadhaa na daftari langu, saa za mchana na za jioni, nikitazama kama mtu anayesoma tamthilia kwa mara ya pili. Nimeona pia kwamba dada zetu wanakaa mle wengi zaidi kuliko zamani, hata saa tatu usiku. Hilo nitalirudia, kwani lina uzito wake.

Fani: palipopwaya

Tuanze na mandhari. Bwalo la zamani lilikuwa na kuta za matofali ya matundu, kama majengo mengi ya umma yaliyojengwa katika nchi za joto miaka ya 1950 na 1960. Matofali yale hayakuwa pambo. Yalipitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuzuia jua na mvua, bila kutumia hata shilingi moja ya umeme. Yamebomolewa, pamewekwa vioo. Kioo hupitisha jua na kuzuia upepo, hivyo vimefungwa viyoyozi, viyoyozi vinakula umeme, na bili ya umeme inaingia kwenye bei ya chai. Msomaji aone jinsi uamuzi wa fani unavyozaa maudhui: kilichoanza kama suala la mtindo kimeishia kwenye kikombe cha mnyonge.

Pili ni sauti. Malumalu chini, vioo pembeni, muziki juu. Maneno yanagonga na kurudi. Watu wanne hawawezi kubishana pale bila kupiga kelele, na anayepiga kelele anaangaliwa na mlinzi.

Tatu ni viti. Mabenchi marefu ya mninga yaliyokuwa yakibeba watu kumi kila upande yameondolewa. Sasa kuna meza za watu wawili, nyingine za wanne, zilizofungwa sakafuni kwa nati, na viti virefu vya kaunta ambavyo mgongo hauvivumilii zaidi ya robo saa. Benchi refu lilikuwa na adabu yake: unakaribishwa na usiyemjua, unasogea, unapitisha chumvi, na kabla ya kumaliza ugali umeshaingizwa kwenye ubishi wa watu wa sheria au wa uhandisi. Meza ya wawili inakuuliza kwanza umekuja na nani.

Mwisho ni matumizi ya lugha. Orodha ya vyakula imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, hata maharage yamepewa jina lisilojulikana na wapishi wenyewe. Kiswahili kimebakiziwa kazi moja, ya kukataza: "Meza hizi ni kwa wateja tu." Kwa mhakiki, bango hilo ndilo sentensi kuu ya kazi nzima. Mengine yote ni maelezo yake.

Wahusika wamebadilika lini?

Itakuwa si haki kumlaumu mkandarasi peke yake. Kabla jengo halijabadilika, mhusika mkuu alikuwa amekwisha kubadilishwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi gharama za chakula na malazi zilibebwa na serikali, kwa imani kwamba msomi analishwa na mkulima ili aje amtumikie. Mapema miaka ya 1990 ikaingia sera ya kuchangia gharama. Jirani zetu wa Kenya nao, katika muongo huohuo, waliona vyuo vyao vikiacha utaratibu wa kulisha wanafunzi na kuingia ule wa kila mtu kulipia sahani yake. Hapa kwetu sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitungwa mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Hapo neno "bumu" likawa ndilo kalenda yetu.

Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi kwa wanaopata mkopo ilipandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Ni nafuu, tushukuru. Lakini kumbuka humo ndani mna kodi ya chumba, na kumbuka kwamba si kila mwanafunzi anapata mkopo, na anayepata si kila mmoja anapata asilimia zote. Bumu likichelewa, anayekula milo mitatu anashuka kwenye miwili, kisha mmoja. Kinachompata baadaye ndicho kinachonihusu: akikosa chakula, akose na mazungumzo pia?

Kwa maneno mengine, mwanafunzi aligeuzwa mteja kwenye karatasi miaka mingi iliyopita. Jengo jipya limekuja kuyapa mabadiliko hayo kuta.

Maudhui: maneno matatu

Lugha yetu ina akiba ya fikra kuhusu jambo hili, na inasikitisha kwamba kamati ya ukarabati haikuifungua. Tuchukue maneno matatu.

La kwanza ni bwalo. Sisi tunalitumia kwa ukumbi wa kulia wa shule, jeshi au chuo. Kwa Wanyanja wa Malawi neno hilohilo ni uwanja wa wazi wa kijiji, na pia ni mahakama. Mahali pa kukusanyika na pa kuamulia mashauri ni pamoja.

La pili ni baraza. Aliyefika Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ameyaona: viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani. Mwenye nyumba anayajenga kwa gharama yake, na mpita njia anakaa bila kuomba risiti. Na neno hilohilo baraza ndilo tunaloliita mkutano wa wazee, wa madiwani, hata wa mawaziri. Waswahili hawakuona tofauti kubwa kati ya kiti cha bure na mazungumzo ya maana.

La tatu ni mgahawa, au mkahawa, lenye asili yake katika kahawa, yaani katika kitu kinachouzwa. Mimi sina ugomvi na kahawa. Lakini angalia inavyouzwa barazani. Muuzaji anapita na dele lake na vikombe vidogo, anavigonga vilie, anayetaka anakunywa, asiyetaka anaendelea na bao au na siasa. Baraza si mali ya muuza kahawa. Kahawa inawafuata watu. Katika jengo letu jipya watu ndio wanaoifuata kahawa, na wasipoinunua wanaonyeshwa mlango. Biashara ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni mwenye kiti.

Juma na Kitaru wangekaa wapi?

Hapa ndipo fasihi yetu inapotoa ushahidi. Katika tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, kuna vijana wawili wa chuo kikuu walio marafiki: Kitaru, mtoto wa tabaka jipya lililoinuka baada ya uhuru, na Juma, ambaye ukoo wake uliporomoka na Mapinduzi ya Zanzibar. Wahakiki wengi wamejadili mgogoro wa matabaka unaoukata urafiki huo. Mimi nauliza swali la kijinga kidogo: waliwezaje kuwa marafiki kwanza? Walikuwa chuo kimoja, katika zama ambapo hakuna aliyeulizwa ana shilingi ngapi kabla ya kupewa kiti.

Hebu tuwalete katika jengo letu. Kitaru anaingia, anaagiza piza na soda, anachomeka simu yake kwenye soketi. Juma, ambaye hela yake imeisha, anabaki nje. Atakwenda wapi? Atakwenda kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, ambavyo wanafunzi wa vyuo vya nchi hii wanavijua kuliko maktaba. Kimbweta kimesaidia wengi, na kwa maoni yangu ndiyo baraza letu halisi. Ila kimbweta hakina paa wakati wa masika, hakina taa usiku, na kiko nje ya kioo. Juma ataonana na Kitaru kama mtu anavyoonana na samaki aliye kwenye tangi. Mgogoro wa tamthilia hautatokea kabisa, kwa sababu wahusika hawatakutana. Jamii inayowatenganisha vijana wake mapema hivyo haijaondoa matabaka. Imeyaondolea tu mahali pa kugombana.

Mzee Punch na hofu ya dada zetu

Wapo watakaonijibu, na wana haki, kwamba mahali pa wazi pa chuo hapakuwa salama kwa kila mtu. Nalirudia suala la dada zetu. Wasomaji wenye umri wa walimu wetu wanamkumbuka "Mzee Punch" wa Mlimani, fasihi ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, ambayo ilidai kukosoa maovu lakini kwa miaka mingi ikawa fimbo ya kuwadhalilisha wanafunzi wa kike. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kunyanyaswa. Fasihi haikosi hatia kwa kuwa tu ni fasihi, na ukuta huru bila uwajibikaji unaweza kuua.

Kwa hiyo ninaposikia dada zetu wakisema kwamba katika jengo jipya wanakaa bila kupigiwa miluzi, kwa kuwa kuna mwanga na mtu wa kumlalamikia, sina la kuwabishia. Mmoja aliniambia, "Wewe unalilia benchi, mimi kwenye benchi lile nilikuwa napita mbio." Ni hoja nzito kuliko nyingi nilizosoma vitabuni.

Ila tuangalie hasa ni nini kilichomlinda. Ni taa. Ni mlango unaoonekana kutoka pande zote. Ni kuwepo kwa mlinzi na kanuni zinazofuatwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholazimisha kikombe cha Sh. 3,000. Na dada asiye na Sh. 3,000, ambaye ndiye mwenye hatari zaidi akikaa gizani, jengo limemlinda vipi? Usalama unaouzwa kwa kikombe unawalinda wenye kikombe.

Mfano wa mbali

Isije ikadhaniwa kwamba tatizo hili ni letu sisi maskini tu. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kina ukumbi wa kulia uitwao Commons, uliojengwa mwaka 1901 katika maadhimisho ya miaka 200 ya chuo hicho. Jina lenyewe linabeba maana ya kitu cha wote, na pia chakula cha pamoja. Mwaka 2015 bilionea Stephen Schwarzman, aliyehitimu hapo mwaka 1969, alitoa dola milioni 150 ili ukumbi huo na majengo yanayoungana nao yakarabatiwe yawe kituo cha wanafunzi chenye sehemu za kulia, za maonyesho ya sanaa na za mikutano. Kituo kilifunguliwa mwaka 2021. Ukumbi wa ndani umebaki na jina lake la zamani, lakini kituo kizima kimepewa jina la mfadhili.

Mtu anaweza kulicheka jina hilo. Mimi nimejifunza mambo mawili. Kwanza, hata penye fedha nyingi kiasi hicho, swali la nani mwenye ukumbi haliondoki, linahamia kwenye kibao cha mlangoni. Pili, waliokarabati waliona sanaa na chakula vinaweza kukaa chini ya paa moja. Sisi tunaambiwa lazima tuchague: jukwaa au vinywaji.

Hoja ya hela

Naijua hoja itakayotolewa kikaoni: kiti cha bure hakijilipi, mzabuni analipa pango, na pango ndilo linalotengeneza vyoo. Hoja hii haina uongo ndani yake. Wala sipingi chuo kufanya biashara. Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006, imesimama juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakuna anayekwenda pale akitegemea kukalishwa kama mwanafunzi. Pale unajua umekwenda dukani.

Shida inaanza pale duka linapoingizwa sebuleni na mwenye nyumba akaanza kuulizwa amenunua nini. Tena kuna gharama ambayo hesabu ya pango haiioni. Chama chetu cha fasihi hakina bajeti. Hatujawahi kuomba zaidi ya ufunguo na balbu mbili. Katika ukumbi ule mdogo yamezaliwa maigizo, ngonjera na hata makala kadhaa ya jarida hili. Ukigawanywa uwe vibanda vya vinywaji, utaingiza pango kila mwezi, na hakuna safu katika daftari la mhasibu itakayoonyesha tamthilia ambayo haikuandikwa.

Hitimisho na mapendekezo

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Jengo letu limefaulu kwa kiasi kikubwa katika usafi, afya na usalama, na limefaulu kuwafikia wenzetu wenye ulemavu. Limeshindwa katika dhamira kuu ya bwalo, yaani kuwakutanisha watu ambao wasingekutana. Kushindwa huko kunarekebishika, kwani mkataba wa awamu ya pili haujasainiwa. Napendekeza yafuatayo yaingizwe humo:

Mosi, theluthi moja ya nafasi za kukaa iwe ya mabenchi marefu yasiyo na sharti la kununua, na bango la "wateja tu" liondolewe katika eneo hilo. Mabenchi ya zamani bado yamerundikwa nyuma ya stoo, yanahitaji randa na vanishi tu.

Pili, ukumbi mdogo ubaki na jukwaa lake. Vinywaji viuzwe pembeni, kama dele la kahawa, na muziki uzimwe siku za mazoezi.

Tatu, kuwe na ukuta wa maandishi, ila kila andiko liwe na jina la aliyeliandika. Tumeshaona asiye na jina anavyoweza kufanya.

Nne, kaunta moja wapewe mama lishe waliokuwa wakitulisha nyuma ya mabweni kabla ya kufukuzwa na ukarabati, kwa pango wanaloliweza, wauze wali maharage kwa jina lake.

Tano, taa na mlinzi viwepo hadi saa sita usiku, kwa wote, mwenye risiti na asiye nayo.

Nimeandika kama mhakiki, na uhakiki hupingwa kwa uhakiki. Mwenye hoja kwamba nimelisoma jengo vibaya aandike toleo lijalo, nami nitamsoma kwa makini. Lakini kabla ya hapo, kila anayesoma ukurasa huu apeleke maoni yake kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maandishi, na abaki na nakala. Naomba kutoa hoja.